Mahari, Karatasi na Muhali: Tunayoyasikia Wakati wa Kupima Gauni



Wanaotujua wanajua kazi yetu ni cherehani. Tunashona magauni ya harusi, mabaibui, na sare za kina mama wa shughuli. Kidato cha nne tumemaliza hapa hapa kisiwani, kisha tukasomea ushoni, na elimu yetu ya dini ni ile ya chuoni na darsa za wanawake baada ya laasiri. Kwa hiyo leo hatuji kutoa fatwa. Tunakuja na yale tunayoyasikia chumbani kwetu, na yale ustadhati wetu aliyotufundisha kila tulipomrejea na masuala ya wateja.

Bibi harusi anakuja kwetu mara tatu au nne kabla ya siku yake. Anakuja kupima, anakuja kujaribu, anakuja kupunguziwa kiuno (maana wasiwasi wa harusi unakula mwili), kisha anakuja kuchukua. Katika mara zote hizo anazungumza. Anajua rangi ya shela, anajua hina itachorwa na nani na piko itapanda mpaka wapi, anajua masinia mangapi yatatoka kwa bwana harusi na kila sinia limebeba nini. Tukimuuliza, "Mahari yako umetaja nini?", anamtazama mama yake. Mama anasema, "Hayo wameyamaliza wanaume."

Hapo ndipo tunaposimamisha sindano kidogo.

Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na kwamba mume akila chochote katika hayo iwe ni kwa ridhaa ya mke mwenyewe. Si ya baba, si ya ami, si ya kamati ya shughuli. Huku kwetu tuna mila nyingi nzuri tu: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kipamkono cha bibi harusi, sanduku lenye kanga na manukato. Mila hizo hatuzipigi vita, na wengine tunapata riziki kwa ajili yake. Ila zinachanganywa na mahari mpaka msichana hajui kipi ni chake kisheria na kipi ni zawadi. Fedha zinakuja kwenye bahasha moja, zinakodi viti, zinanunua mchele wa biriani, na yeye anaingia nyumbani kwa mume hajashika hata shilingi ya mahari yake. Halafu anaambiwa ameolewa kwa mahari makubwa!

Tena kuna suala la mahari ya deni. Sheria yetu inaruhusu mahari yote au sehemu yake iwe deni, hilo halina tatizo. Tatizo ni kwamba deni la mahari hakuna anayelikumbuka kama deni. Mtu akikopa mchele dukani ataandikwa kwenye daftari, mahari ya mtoto wa watu yanaachwa hewani. Ustadhati alitueleza kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumekisikia: mume akifariki na mahari bado ni deni, mke anadai katika mali aliyoacha kama wanavyodai wadai wengine, kabla urithi haujagawiwa, kisha ndiyo anachukua na fungu lake la mirathi. Na mume akimwacha baada ya kufungwa ndoa lakini kabla hawajaingiliana, na mahari yalikuwa yametajwa, mke ana nusu yake. Hilo limo katika Suratul Baqara, aya ya 237. Sasa utadai vipi nusu ya kitu usichokijua?

Tunaye mteja wetu, tumeomba ruhusa yake kuyaeleza haya bila ya jina wala mtaa. Tulimshonea gauni la krimu lenye shanga mikononi. Mahari yake yalikuwa fedha na cherehani, kwa sababu naye alitaka kushona. Siku ya ndoa bwana harusi hakuwa na kitu mkononi. Shehe alipouliza kama mahari yametolewa taslimu au ni deni, ami yake, ambaye ndiye alikuwa walii kwa kuwa baba na babu walikwisha tangulia mbele ya haki na kaka hana, akaona muhali mbele ya wageni waliojaa msikitini. Akasema, "Taslimu." Ikaandikwa taslimu kwenye karatasi, mashahidi wakatia saini, watu wakala halua na kahawa, wakaondoka.

Mnalijua hilo neno muhali nyinyi. Sijui visiwa vingine wanalitumiaje, sisi huku ndilo linalotutawala. Muhali kumuuliza mkwe. Muhali kumdai mtu wa nyumbani. Muhali kwenda kwa sheha na jambo la ndani.

Ikapita miaka minne na mtoto mmoja. Mwanamme akawa anaondoka, anakaa bara miezi, hatumi matumizi, hapokei simu. Mwaka mzima na zaidi yule dada anajilisha yeye na mtoto kwa vitumbua vya asubuhi na kazi za mkono tulizokuwa tunampa. Alipochoka akaomba talaka. Mume akajibu, mara hii simu ilipokewa haraka, "Ukitaka karatasi yako nirejeshee mahari yangu." Mahari gani? Cherehani ile hajawahi kuiona. Na wazee wa upande wa pili wakamwambia ndiyo sheria, mwanamke akitaka kuachwa anajivua.

Hapa ndipo penye ujinga unaotuumiza wanawake wengi, tusemezane taratibu.

Kujivua, yaani khului, ni jambo la haki katika dini yetu. Ushahidi wake ni Suratul Baqara, aya ya 229, na kisa cha mke wa Thabit bin Qays kilichopokewa na Imam Bukhari. Mama yule alikwenda kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akasema hamlaumu mumewe kwa tabia wala dini, ila hawezi kuendelea naye. Akaulizwa kama yuko tayari kurejesha bustani aliyopewa mahari, akakubali, na Thabit akaamrishwa aipokee na amwache. Ukikitazama vizuri kisa hiki utaona mume hakuwa na kosa alilolalamikiwa. Mke ndiye aliyetaka kutoka, na ndiyo maana alirejesha alichopewa.

Lakini mume asiyelisha, anayepiga, aliyetoweka, hapo mlango ni mwingine. Unaitwa faskhi, mke anapeleka mashtaka kwa Kadhi, analeta ushahidi, na Kadhi akithibitisha sababu ya kisheria anaivunja ndoa. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, mume kushindwa kutoa nafaka ni miongoni mwa sababu hizo. Na kwenye faskhi ya namna hii mke hamlipi mume kwa ajili ya kutoka. Tofauti hii ndogo ya maneno mawili, khului na faskhi, ndiyo inayomfanya mwanamke mmoja auze mkufu wa mama yake ili anunue uhuru aliokuwa na haki ya kuupata bila malipo. Tumewaona wanaouza mikufu. Wengine wameuza cherehani, na wameziuza kwetu.

Yule dada wa gauni la krimu tulimpeleka kwanza kwa ustadhati, ustadhati akamwambia asirejeshe kitu, aende kwa Kadhi. Tukafuatana naye. Kadhi alisoma karatasi, akaona imeandikwa taslimu, akataka mashahidi. Ami mtu akaitwa. Sisi tulikuwa na hofu kubwa, maana mzee mwenye ndevu zake aje aseme mbele ya watu kwamba siku ile alitamka lisilokuwapo! Alikaa kimya sana. Kisha akasema, "Sheikh, mahari hayakutolewa. Niliona muhali." Na shahidi mmoja wa ndoa naye akathibitisha hakuona fedha wala cherehani.

Kesi haikwisha siku ile, ilichukua miezi. Majirani walikuja kueleza habari ya matumizi, mume aliitwa na mara ya tatu akaja. Mwisho ndoa ikavunjwa kwa faskhi na mume akaamrishwa alipe deni la mahari kidogo kidogo pamoja na matumizi ya mtoto. Hatutawadanganya kwamba analipa kila mwezi. Akikawia, dada anarejea mahakamani, na sasa anaijua njia. Cherehani ameshapata, ile ya mahari kweli kweli, na ameiweka karibu na dirisha.

Tuseme na habari ya mahakama zenyewe, kwa sababu wengi wanadhani kwenda kwa Kadhi ni kumfedhehesha mume. Hapa Zanzibar Mahakama ya Kadhi ni chombo cha sheria, na sheria inayoiongoza ni ya mwaka 2017, iliyoshika nafasi ya ile ya 1985. Ndoa, talaka, nafaka, malezi ya watoto, mirathi ya Waislamu, hayo yote yanasikilizwa hapo. Wale waliohamia Dar es Salaam na miji mingine ya bara wajue kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya huko na si ya huku, kwa hiyo shoga yako aliyeachwa Temeke akikueleza alivyofanya, usidhani mambo yatakwenda vivyo hivyo Mwanakwerekwe au Chake Chake. Uliza hapa hapa. Ukiwa huna uwezo wa wakili, wapo mawakili wanawake wa Zanzibar, ZAFELA, wanaosaidia kina mama na watoto, na wapo wasaidizi wa sheria huko shehiani.

Na wewe unayechuma, tafadhali weka risiti. Mwanamke ananunua mabati, anatia saruji, analeta friji, na hana hata kipande cha karatasi. Chetu ni chetu, tunasema. Mali ya mke katika Uislamu ni yake, haichanganyiki na ya mume kwa sababu tu ya ndoa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Suratul Baqara 282, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Watu wanaandikiana mpaka biashara ya karafuu, lakini nyumba ya maisha inajengwa kwa kuaminiana tu? Kuandika hakumaanishi humwamini bwana wako.

Wapo wanaotuuliza habari ya masharti ya ndoa. Je, bibi harusi anaweza kushurutisha aendelee na chuo, au asihamishwe kisiwani, au asiolewe mwenzake? Jibu la ustadhati lilikuwa refu kuliko tulivyotarajia. Kwanza alitutajia hadithi ya Uqba bin Amir, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kwamba masharti yenye haki zaidi ya kutimizwa ni yale yaliyohalalishia ndoa. Kisha akasema wanazuoni wamekhitalifiana yapi yanambana mume. Wafuasi wa Imam Ahmad wamepanua, wanaona sharti kama la kutohamishwa au kutoolewa mke mwingine likivunjwa mke ana haki ya kuvunja ndoa. Sisi Mashafii tumebana zaidi, masharti mengi ya namna hiyo hayamlazimu mume ingawa ndoa inabaki sahihi. Kwa hiyo usidanganywe kwamba ukishaandika tu basi umemaliza. Mwendee shehe atakayeozesha wiki kadhaa kabla, muulize lipi litashika na liandikwe vipi. Sisi tunaona hata kulizungumza tu kuna faida, maana posa inayovunjika kwa sababu msichana amesema anataka kumaliza masomo, imevunjika mahali pazuri.

Tugeukie talaka za simu. Ujumbe unaingia usiku, "Nimekuacha," na dada anaanza kufunga nguo kwenye shuka. Jamani, subirini! Kwa Mashafii talaka ya maandishi ni kinaya, inategemea nia ya aliyeandika, kwa hiyo ni suala la kupelekwa kwa anayejua na mume aulizwe. Na hata ikithibiti kuwa talaka, ikiwa ni talaka rejea, mke ana eda, na eda yake anakaa katika nyumba ile ile. Suratut Talaq, aya ya kwanza, imekataza wasitolewe majumbani mwao na wao wasitoke, isipokuwa kwa uchafu ulio wazi. Katika muda huo anapata makazi na matumizi, na akiwa mjamzito matumizi yanaendelea mpaka ajifungue. Siku hizi mwanamke anatolewa na mawifi kabla talaka haijathibiti, sanduku liko barazani, na watu wanasema ndiyo dini. Hiyo ni mila mbaya iliyovaa kanzu.

Watoto ndio wanaotuuma zaidi. Wanakuja na mama zao, wanacheza na vipande vya vitambaa chini ya meza, na wanasikia kila kitu. Mtoto anayeachwa na ndoa ya wazazi wake haachwi na baba yake. Nafaka ya mtoto ni juu ya baba, awe ameishi na mama au ameachana naye. Suratul Baqara 233 imeweka chakula na nguo za mama anayenyonyesha juu ya baba wa mtoto, na Suratut Talaq, aya ya 6, imeamrisha mke aliyeachwa akinyonyesha apewe ujira wake. Hind binti Utba alipolalamika kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, aliruhusiwa achukue katika mali yake kiasi kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Malezi, yaani hadhana, kwa watoto wadogo mama ana haki zaidi maadamu hajaolewa na mume mwingine, na katika madhehebu yetu mtoto akifikia umri wa kupambanua, wastani miaka 7, anapewa hiari baina ya wazazi. Kadhi bado anatazama maslahi ya mtoto. Tunayasema haya kwa sababu tumesikia kina baba wakisema, "Mtoto uko naye wewe, mlishe wewe," na tumesikia kina mama wakimzuia mtoto asimuone baba kwa sababu ya mke mpya. Zote mbili ni dhulma, na ya pili tunaifanya sisi wanawake.

Kisha lipo lile zito. Udhalilishaji. Mtoto anaharibiwa na mtu wa karibu, jirani, ndugu, au mtu mwenye heshima yake mtaani, na wazee wanakaa usiku kulimaliza kienyeji. Wanataja sitara. Wanasema tumsitiri Muislamu mwenzetu. Tulimuuliza ustadhati waziwazi kuhusu hili na akakasirika, si kawaida yake. Alisema sitara ni kwa mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake, si kwa mtu anayedhulumu mtoto na atakayekwenda kudhulumu mwengine kesho. Kumficha huyo ni kumsaidia.

Likitokea, usimwogeshe mtoto na usizifue nguo zake. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi na mpeleke hospitali mapema kabisa, saa hizo hizo. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri wako pamoja, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya kupiga bure kwa ajili ya mtoto. Wala usimuulize mtoto mara kumi mbele ya mashangazi. Msikilize mara moja, mwambie hana kosa, basi.

Wamezoea kutuambia kwamba bibi harusi anafundwa na somo wake na inatosha. Somo tunamheshimu, anamfundisha mwari usafi, mapenzi, kunyamaza na kusema. Lakini mvulana nani anamfunda? Anatoka kwenye mpira, anatiwa kanzu na joho, anapelekwa msikitini kuoa. Anajua ana haki ya kutiiwa. Nafaka ni nini, eda ni nini, talaka hutolewa vipi na wakati gani, hajasikia. Mmoja wa wateja wetu, mama wa vijana watatu wa kiume, amewapeleka wote kwa shehe kusoma kitabu cha nikaha kabla hajakubali kwenda kuposa. Mkubwa alilalamika mwezi mzima. Sasa ameoa, na mahari aliyatoa mkononi mwa mkewe mbele ya mashahidi, noti moja moja, mpaka wageni wakaanza kucheka.

Kwetu tumeanza kitu kidogo. Kila Alkhamisi baada ya laasiri tunafunga cherehani, tunatandika mikeka, ustadhati anakuja. Tunaanza na kahawa na kashata, halafu masuala. Wamekuja wanaotaka kuolewa, walioolewa, walioachwa, na bibi mmoja wa miaka sabini aliyegundua siku hiyo kwamba mahari yake ya mwaka wa ndoa yake bado ni deni. Alicheka mpaka akatoa machozi, akasema anakwenda kumdai mzee usiku huo huo.

Alkhamisi ijayo ni zamu ya mirathi, inshaallah. Atakayekuja aje na karatasi yake ya ndoa, tuisome pamoja, kwa sababu wengi wetu tunayo kabatini chini ya nguo na hatujui imeandikwa nini.